Harufu sugu ndani ya gari la zamani: tafuta inakokaa kabla ya kuosha

Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hayaondoi harufu, yanaongeza ya pili juu ya ile ya kwanza. Harufu inayorudi kila jua likipanda ina mahali pake: sponji ya siti, felti iliyo chini ya kapeti, evaporeta ya AC (kipozeo kilichojificha nyuma ya dashibodi), silingi iliyonyonya moshi wa sigara, au bomba linalovuja. Usipopajua mahali hapo utaosha siti mara tatu na gari litanuka vilevile, maana siti haikuwa na kosa.

Kunusa kwa utaratibu

Chagua siku ya jua. Toa kila kitu ndani ya gari: mazulia ya miguuni, miavuli, vilivyo kwenye mifuko ya nyuma ya siti, manukato yote, hata tairi la akiba na vyombo vyake. Funga vioo, acha gari juani kwa saa moja au mbili. Kisha fungua mlango mmoja tu na unuse chini kabisa kwenye kapeti, halafu kwenye siti, halafu juu kwenye silingi. Funga, nenda mlango mwingine. Malizia na buti. Kazi hii mpe mtu asiyepanda gari hilo kila siku. Pua ya mwenye gari imeshazoea na itamdanganya.

Baada ya hapo washa injini, weka feni namba ya juu bila AC, unuse kwenye matundu ya hewa. Kisha washa AC na unuse tena ndani ya dakika ya kwanza. Harufu ya soksi zilizolala na unyevu, inayotoka sekunde chache za mwanzo kisha ikapungua, ni ya evaporeta. Harufu ya udongo mbichi inayotokea chini ni maji yaliyokwama chini ya kapeti.

Zipo harufu ambazo si kazi ya sabuni hata kidogo. Harufu tamutamu, pamoja na ukungu wenye mafuta ndani ya kioo cha mbele, ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Kagua pia kama kiwango cha kulanti kinashuka. Harufu ya mayai yaliyooza ni masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi ndani ya bomba) au betri inayochajiwa kupita kiasi: pima volti injini ikiwa inaunguruma, na ukiona imepita 15, mwone fundi umeme. Usisahau kwamba kwenye magari mengine betri iko nyuma, ndani ya buti. Mafuta yaliyoungua yanayonuka gari likisimama kwenye foleni mara nyingi ni oili inayodondokea ekzosi kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Petroli, au moshi wa ekzosi unaoingia ndani, usiufunike kwa chochote na usiendelee kuendesha vioo vikiwa vimefungwa. Gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo haina harufu yake yenyewe, kwa hiyo pua kuzoea hakumaanishi hatari imeisha.

Maji chini ya kapeti

Kwa ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, hiki ni chanzo cha kawaida, na mara nyingi ndicho kinachokaguliwa mwisho. Kapeti ya juu inaweza kuwa kavu kabisa mkononi huku felti nene chini yake ikiwa imelowa chepechepe. Bonyeza kwa ngumi, siyo kwa kiganja. Au weka karatasi ya chooni iliyokunjwa, ikanyage kwa kisigino nusu dakika, kisha iangalie.

Maji yakiwa upande wa abiria wa mbele pekee, na hayana rangi wala harufu tamu ya kulanti, mshuku mrija wa kutolea maji ya AC. Gari lililoegeshwa AC ikiwa imewaka siku ya joto linapaswa kudondosha maji chini ya uvungu. Lisipodondosha, mrija umeziba kwa vumbi na utelezi. Ingia chini ya gari, tafuta mrija mfupi wa mpira unaotokeza kwenye ukuta kati ya injini na abiria, na uuzibue kwa waya laini uliopindwa ncha au kwa upepo wa presha ndogo. Usichomeke waya mgumu kwa nguvu; evaporeta haiko mbali, na ikitobolewa bili yake utaikumbuka.

Yakiwa sehemu nyingine, ni mvua. Mwagilia gari kwa bomba la kawaida, anzia chini ukipanda juu taratibu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi. Sehemu za kukagua: mfereji ulio chini ya waipa, ambao majani ya mwarobaini na mwembe huuziba, mipira ya milango, mpira wa taa za nyuma, taa ya breki ya juu, na mashimo ya keria. Ipo moja ambayo wengi hawaiwazii: nailoni iliyogundishwa ndani ya mlango, nyuma ya paneli. Kazi yake ni kuyarudisha nje maji yanayopita kwenye kioo. Fundi redio akiichana ili afunge spika na asiirudishe, kila mvua inaingiza maji ndani, na mwenye gari ataendelea kulaumu mpira wa mlango. Ibandike upya kwa gundi ya biutili, ile nyeusi inayonata isiyokauka.

Chanzo kingine ni sisi wenyewe. Vituo vingi vya kuoshea magari hupiga sakafu kwa mashine ya presha, kisha hufuta juu na kukabidhi gari. Ukimpelekea gari kijana wa kuosha, mwambie wazi kwamba ndani ni kitambaa na mashine ya kunyonya tu.

Ukishaziba pa kuingilia, kapeti lazima inyanyuliwe. Kukausha kutoka juu hakufiki kwenye felti. Kwenye Toyota nyingi siti ya mbele imeshikwa na bolti nne za boksi namba 14. Kabla ya kugusa waya zozote chini ya siti, toa tiaminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90. Plagi za njano ni za eabegi, na umeme uliobaki unaweza kuifyatua. Usiwashe swichi ya gari plagi hiyo ikiwa nje, taa ya eabegi itabaki inawaka hadi ifutwe kwa mashine. Ng'oa kwa mkono plastiki za vizingiti vya milango, zinatoka kwa kuvutwa juu, kisha nyanyua kapeti.

Felti ikiwa ina ukungu mweusi, au inanuka hata baada ya kukauka, ikate utupe. Felti ya magodoro au ya magari inauzwa kwa mita, na kuipigania ile ya zamani ni kupoteza sabuni. Ikiwa bado nzima, ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita, suuza mpaka maji yatoke meupe, kamua na uanike juani mpaka ikauke yote, ndani na nje. Wakati wa masika hilo linaweza kuchukua siku kadhaa, na ukiharakisha utarudi ulikoanzia. Chuma cha sakafu kifute, ondoa kutu kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu. Kama ulitoa vizibo vya mpira vya sakafuni ili maji yachuruzike, virudishe vyote.

Ukikuta matope mekundu ndani ya reli za siti, au mstari wa matope kwenye mkanda ukiuvuta mpaka mwisho, gari hilo liliwahi kuzama kwenye mafuriko. Hapo harufu ni tatizo dogo. Plagi za waya zilizo chini ya kapeti ndizo zitakazokusumbua.

AC

Angalia kwanza filta ya ndani. Kwenye IST, Premio, Noah na ndugu zao iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Toa vitu ndani, fungua kile kikono kidogo cha pembeni, minya kuta mbili za kisanduku kuelekea ndani kishuke, na utaona kifuniko chembamba chenye vibanio. Filta iliyojaa majani, nywele na vumbi jekundu haioshwi, inabadilishwa. Mshale wa mwelekeo wa hewa kwa kawaida unaangalia chini. Baadhi ya gari za bei ya chini kutoka Japani huja na nafasi tupu bila filta, na evaporeta yake huwa imevaa koti la vumbi.

Harufu yenyewe hukaa kwenye vijipati vyembamba vya alumini vya evaporeta. Vinapata ubaridi, hewa inaacha maji juu yake, vumbi linanasa, na vijidudu vinaota gizani. Kwa hiyo dawa inayopulizwa kwenye matundu ya dashibodi haisaidii sana, haifiki huko. Tumia povu la kusafishia evaporeta lenye mrija mrefu. Injini na feni zikiwa zimezimwa, ingiza mrija kupitia nafasi ya filta, au kwa kuanzia chini kwenye ule mrija wa maji, na ujaze kopo zima. Subiri dakika 15 hadi 20. Weka beseni chini. Litakalotoka mara ya kwanza ni la kahawia. Kisha washa feni namba ndogo bila AC kwa dakika kumi, milango ikiwa wazi, ndipo urudishe filta mpya. Usitumie Jik wala asidi hapa. Alumini inalika, na utapumua mabaki yake.

Ili isirudi, dakika mbili au tatu kabla ya kufika uendako zima AC lakini acha feni ikipuliza hewa ya nje. Evaporeta inakauka kabla ya gari kuzimwa. Halafu usiishi kwenye hewa ya kuzunguka ndani siku zote.

Sigara

Gari nyingi za mtumba kutoka Japani zilivutiwa sigara, na muuzaji amelipulizia dawa ili lifike likinukia. Wiki mbili baadaye, joto la Dar es Salaam linafichua. Moshi wa sigara huacha utando wa kunata wa lami na nikotini kila mahali hewa ilipopita: vioo, plastiki, silingi, mikanda, evaporeta. Kuosha siti peke yake ni kuosha moja ya tano ya tatizo.

Anza na sehemu ngumu. Changanya maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita, na ufute plastiki zote, pamoja na usukani, vizuizi vya jua na nguzo za pembeni. Tumia kitambaa cheupe kwa makusudi. Kikitoka na rangi ya chai ya rangi, rudia eneo hilo hilo kwa kitambaa kingine mpaka kitoke cheupe. Vioo vifute kwa siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, upande wa ndani mara mbili. Toa kisahani cha majivu, kiloweke usiku kucha, na usafishe tundu lake.

Silingi ndiyo inayotaka utulivu. Kitambaa chake kimegundishwa juu ya sponji nyembamba, na kwenye gari la miaka 15 au 20 gundi hiyo imechoka. Ukiilowesha, itaachia na kuning'inia vichwani mwenu. Lowesha kitambaa, siyo silingi. Kikamue mpaka kisidondoshe, futa kwa mwelekeo mmoja bila kusugua, kipande cha nusu mita kwa wakati mmoja, kisha kausha kwa taulo. Rudia siku inayofuata kuliko kumaliza yote kwa siku moja.

Mikanda ivute yote nje, ibane kwa vibanio vya nguo isirudi, isugue kwa brashi laini na maji ya sabuni, suuza kwa kitambaa, iache ikauke ndipo uiachie. Jik ni marufuku hapa pia: inadhoofisha nyuzi, na mkanda huo ndio utakaokushika siku ya ajali.

Baadaye tumia jua. Funga vioo, gari lipate joto kali kwa saa moja, kisha fungua milango yote kwa robo saa. Rudia siku nzima, siku kadhaa mfululizo. Joto linatoa kilichojificha kwenye sponji, upepo unakibeba. Gari lililofungwa juani bila kufunguliwa linaoka tu harufu yake.

Maziwa, matapishi, samaki

Watu humwaga siki na bekingi soda kwa pamoja, wanaona povu, wanaamini dawa inafanya kazi. Povu hilo ni vitu viwili vinavyouana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Chagua kimoja kulingana na harufu.

Maziwa yaliyoganda na matapishi ya mtoto hunuka kwa sababu ya asidi. Hapo bekingi soda ndiyo yenye kazi: vijiko vinne vya chakula kwa lita ya maji. Samaki ni kinyume chake. Maji ya samaki yaliyovuja kwenye buti ukitoka soko la samaki la Feri, au ya dagaa wa Mwanza walioshindiliwa kwenye gunia, hunuka kwa sababu ya kemikali zenye asili ya alkali, na siki inazigeuza ziwe chumvi isiyoruka hewani. Siki nyeupe nusu, maji nusu; ndimu husaidia lakini sukari yake inaacha unato. Usitumie magadi ya kupikia maharage badala ya bekingi soda, yana alkali kali zaidi na huacha weupe kwenye kitambaa.

Kabla ya yote hayo, ondoa kitu chenyewe. Tumia maji baridi. Maji ya moto hupika protini ya maziwa na kuigandisha ndani ya nyuzi. Mwaga maji kidogo, nyonya kwa mashine ya kunyonya maji, rudia mpaka yanayotoka hayana rangi. Ukikosa mashine, taulo kavu na uzito wa mtu aliyesimama juu yake hufanya kazi kwa polepole.

Maziwa yaliyopenya hadi kwenye sponji yanahitaji dawa ya vimeng'enya, ile inayouzwa kwa ajili ya mkojo wa paka na mbwa. Inafaa pia kwa mkojo wa watoto. Inafeli kwa sababu mbili za kawaida: imewekwa kidogo kuliko maziwa yaliyomwagika, au imekauka mapema. Mwaga ya kutosha ifike kina kile kile yalikofika maziwa, funika kwa nailoni, acha saa 12 hadi 24, kisha suuza na ukaushe. Usitumie Jik wala maji ya moto hapo kabla ya dawa hii, vimeng'enya vinakufa. Harufu inaweza kuzidi siku ya kwanza. Ngoja ikauke kabla ya kuhukumu. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha kuona kama rangi inatoka.

Mafuta ya taa yaliyomwagika kutoka kwenye dumu ni habari nyingine. Nyonya kwa maranda au mchanga mkavu, tupa nje mbali na moto, osha kwa sabuni ya vyombo isiyochanganywa na maji mengi. Yakishafika kwenye felti, badilisha felti.

Panya

Harufu ya mzoga inayozidi feni ikiwashwa: toa filta, kisha mota ya feni chini ya dashibodi upande wa abiria, kwa kawaida ina skrubu tatu na plagi moja. Vaa glavu na barakoa. Kinyesi cha panya usikinyonye wala kukifagia kikiwa kikavu. Kiloweshe kwanza kwa Jik sehemu moja kwenye maji sehemu tisa, subiri dakika tano, okota kwa karatasi. Kagua pia waya, wanapenda kuzitafuna.

Bekingi soda kavu, mkaa na ozoni

Hizi ni za mwisho, gari likiwa safi na kavu. Nyunyiza nusu kilo hadi kilo moja ya bekingi soda kwenye siti za kitambaa na kapeti, isugue iingie, iache usiku kucha, nyonya vizuri. Ikilowa inaganda kama plasta kwenye nyuzi, ndiyo maana tunasema kavu. Mkaa wa kawaida wa jikoni unanyonya harufu kidogo sana. Ule ulioamilishwa (activated) una matundu mengi zaidi na unafaa, gramu 500 kwenye mfuko wa kitambaa chini ya siti. Kahawa inafunika tu.

Mashine ya ozoni ni nzuri kwa mabaki ya sigara, lakini gesi yake inaumiza mapafu na ikitumiwa mara kwa mara inazeesha mipira na plastiki. Hakuna mtu wala mnyama ndani. Gari liwe nje, feni ikizungusha hewa ya ndani, dakika 20 hadi 30 zinatosha, kisha milango wazi angalau saa nzima kabla ya kupanda. Anayekuuzia huduma ya ozoni bila kuuliza kama kapeti limelowa anakuuzia wiki mbili za nafuu.

Sponji ya siti ikishindikana kabisa, siti au kapeti la mtumba linapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi. Peleka namba ya chesesi ili lilingane, na kabla ya kulipa, linuse kwenye upande wa chini.